Nani Alitangulia Ikongwe

Mama Penda akirudi kazini hasemi hodi. Anafungua kwa ufunguo wake, anaweka mfuko chini, anakaa kwenye kiti cha jikoni na koti lake mwilini, na anabaki hivyo mpaka miguu imkubalie kuvua viatu. Sisi tumezoea. Mama yangu anamwekea chai mbele bila kumuuliza kitu, na chai ikishapoa kidogo ndipo anasema, "Haya, hamjambo humu ndani?"

Fleti ni yake. Mimi na mama tumepanga chumba kimoja, yeye ana kile kingine, jiko na sebule ni vya wote. Ni jengo la zamani hapa Weston, Kanada. Lifti inafanya kazi siku inayotaka yenyewe. Madirisha ya nyuma yanatazama miti ya mto Humber, na upande wa mbele inapita treni ya kwenda uwanja wa ndege. Tulipohamia, Mama Penda alikuwa akiisikia ile treni anasema, "Ile pale yangu." Maana yake siku moja ataipanda na sanduku lake, aende kwao, asirudi.

Jina lake hasa ni Nakijwa. Penda ni binti yake, ameolewa huko Calgary, anapiga simu Krismasi na siku mtoto akiugua. Mama Penda alikuja Kanada kumtunza bibi mmoja Mwismailia kule Markham, mama yake bwana mmoja anaitwa Abdulsultan. Familia ile ilitoka Moshi miaka mingi nyuma, na yule bibi uzeeni Kiingereza kilimtoka chote, akabaki na Kigujarati na Kiswahili cha dukani. Wajukuu wanamjibu kwa Kiingereza, anakasirika, anasukuma sahani. Ndipo akatafutwa mtu wa kuzungumza naye.

"Kazi yangu ya kwanza nchi hii ilikuwa kubishana bei," Mama Penda anapenda kusema. "Bibi ananiambia kanga zimepanda, mimi nataka apunguze. Asubuhi mpaka jioni. Akishapunguza, anakula."

Bibi alipofariki, Mama Penda akaenda kufanya kazi kwenye nyumba za wazee, na huko ndiko aliko mpaka leo. Anawanyanyua, anawaogesha, anawalisha, anawageuza. Ni watu wazito. Goti lake la kulia limekwisha, na la kushoto linalifuata.

Kitu kilichokuwa kinamtoa kitandani ni nyumba yake. Iko Ikongwe, juu kabisa milimani Upareni, kwenye shamba la marehemu baba yake. Kuta zimesimama, bati lipo, bado milango na madirisha. Picha yake ilikuwa kwenye simu, ukimuuliza habari yoyote unaonyeshwa. Kiwanja alipewa kwa mdomo na mdogo wake, Mbazi, aliyebaki na ardhi ya baba. Mbazi ndiye aliyesimamia mafundi, na Mbazi ndiye aliyekuwa anasema kila mwaka, "Dada, wewe njoo tu."

Habari za Ikongwe mimi nimezisikia siku za makande. Makande ni mahindi na maharage, chakula cha kwao, na yanachemka saa nyingi, kwa hiyo mpishi lazima aseme kitu. Mama yangu ni wa Tukuyu, makande hayapendi, lakini anakula.

"Nyie Wapare," mama anamwambia, "mnapika chakula cha kutwa nzima ili mgeni achoke kungoja aende zake."

"Wewe kaa hapo. Aliyechoka kungoja mlango anaujua."

Basi anaanza. Zamani Ikongwe palikuwa hapana mtu. Ardhi ya bonde ilikuwa imegawanywa mpaka ikabaki vipande vya kupanda mgomba mmoja, ndugu wanagombania upana wa jembe. Baba yake, Kirumbi, akasema anapanda juu kule msitu unakoanzia. Watu wakamcheka. Kule ni ukungu, mahindi hayakauki, nguruwe pori wanatembea mchana. Akaenda, na familia nyingine tatu zikamfuata, zote za watu ambao bondeni walikuwa hawana pa kupumulia. Nakijwa alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Anakumbuka vyungu juu ya vichwa, na mama yake amembeba Mbazi tumboni, hata hajazaliwa.

Walijenga vibanda vya miti na udongo. Walipanga kuta za mawe kwenye mteremko, shamba lisishuke na mvua. Kima walikula mavuno ya kwanza yote. Mtoto wa jirani akafa kwa kifua, na hilo ndilo kaburi la kwanza la Ikongwe. Mama Penda anasema baada ya lile kaburi hakuna aliyetaja tena kurudi bondeni. Halafu ibada ikaanza chini ya paa la nyasi, halafu watu wakaoana, halafu pakawa kijiji.

Lakini wote hao walipofika, walimkuta mtu. Mwanamke mmoja mjane, Nanzia, aliyefukuzwa na shemeji zake baada ya mume kufa. Alikuwa anaishi pale peke yake na mtoto mgongoni, analima magimbi kwenye tope la chemchemi. Alikuwa amechimba shimo la maji kwa mikono na jembe bovu. Wanaume walipokuja wakalipanua lile shimo wakajenga ndiva.

Ndiva ni bwawa la mawe na udongo. Maji ya chemchemi yanajaa humo usiku, asubuhi linazibuliwa, maji yanashuka kwenye mifereji kwenda shamba moja hadi jingine kwa zamu. Kwa desturi ya kule, ndiva ni ya nyumba ya aliyeianzisha. Nyumba hiyo inapata zamu ya kwanza, na inashika ardhi yote inayoizunguka.

Miaka yote Ikongwe waliiita tu ndiva ya juu, na hakuna aliyeuliza. Mwaka huu ukaja mradi wa kuijenga kwa saruji, na wenye mradi wakauliza, hii ni ya nani. Hapo ndipo simu za Mbazi zilipoanza.

Sauti yake naijua vizuri, maana Mama Penda akiwa na vyombo mkononi anaweka simu kwenye spika.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, Mbazi. Watoto?"

"Wazima. Dada, Jumamosi wanakutana. Wazee wote walioingia Ikongwe kwa miguu yao wamekufa, umebaki wewe. Wamekubali utazungumza kwa simu. Wewe utasema tu, ndiva ilichimbwa na baba."

"Baba alichimba, ndiyo. Na wenzake."

"Sawa, na wenzake. Lakini baba ndiye aliyeanza. Yule Sifuni anajifanya ardhi ya chemchemi ni ya bibi yake, yule Nanzia."

"Si alikuwepo, Nanzia?"

"Alikuja baadaye. Ndivyo sisi tunavyojua."

"Ninyi nani? Wewe ulikuwa tumboni."

Mbazi akacheka, lakini kidogo. Akasema, "Dada, nikiishika ndiva, ardhi yote ile ni yetu, na nyumba yako iko katikati yake. Nisipoishika, Sifuni anatusogelea mpaka mlangoni. Mimi nitakuwa sina uhakika na kiwanja chako tena. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

Alipiga kesho yake, na kesho kutwa. Kila siku alimfundisha. Mwenyekiti akikuuliza mwaka, sema mwaka wa njaa ile. Akiuliza nani alipanda ile mitambaa, miti ya mpakani, sema baba. Akiuliza kuhusu mawe ya ukuta, sema Kirumbi na wanawe. Mama Penda alikuwa anaitikia huku anasugua sufuria lile lile.

Siku moja mama yangu akashindwa kunyamaza.

"Mama Penda, wewe sema tu. Huyo Nanzia si amekufa?"

"Amekufa."

"Na huyo mjukuu wake anakujua?"

"Hanijui."

"Basi unapungukiwa nini? Umegeuza wazee wa watu miaka yote hii, goti ndio hilo, halafu uje ukose pa kulala kwa ajili ya tope la magimbi?"

Mama Penda akakaa. Akasema, "Na mimi ndivyo ninavyojiambia."

"Halafu mnatuambia Wapare wanajua kesi."

"Kesi tunazijua. Tunauza ng'ombe tushinde kesi ya kuku, si ndivyo mnavyotusema?" Hakucheka. "Nitasema. Nimechoka, Mama Kisa. Nitasema wanachotaka niende nikalale."

Jumamosi alirudi kutoka kazini asubuhi, kule kwao ilikuwa mchana. Usiku ule mzee mmoja alikuwa ameanguka na walikuwa wawili tu wa kumwinua. Hakuvua hata sare. Mama akamletea beseni la maji ya moto na chumvi, naye akaingiza miguu, akasimamisha simu kwenye kopo la sukari. Mimi nilikuwa nachambua maharage upande wa pili wa meza, na hakuna aliyeniambia niondoke.

Picha ilikuwa inakatika, tukazima picha, ikabaki sauti. Kulikuwa na upepo mwingi na kuku mmoja. Mwenyekiti wa maji anaitwa Kajiru, alikuwa anapiga kelele kama Kanada iko ng'ambo ya bonde.

"Nakijwa! Unatusikia?"

"Nawasikia. Shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo."

Wakaitikia wengi pamoja. Halafu sauti moja ya kijana, karibu na simu, ikasema, "Shangazi, shikamoo. Naitwa Sifuni."

Mama Penda aliangalia simu. "Marahaba, baba," akasema.

Kajiru akaanza maswali. Mlifika mwaka gani? Akasema mwaka wa njaa ile. Nani alijenga ukuta wa ndiva? Akasema baba yangu na wenzake, kwa msaragambo, kila nyumba inatoa mtu, baragumu inalia asubuhi. Mitambaa ya mpakani nani alipanda? Baba yangu. Yote yalikuwa kweli. Tukamsikia Mbazi anasema kwa nguvu, "Mmesikia wenyewe," na watu wakaanza kuguna kama mambo yamekwisha. Mama yangu akanikonyeza. Mama Penda alikuwa ameshaegemea ukuta, amefumba macho, na mkono wake unaelekea simu aikate.

Halafu kwa mbali, nyuma ya wanaume, akasema mwanamke. Alikuwa mzee kwa sauti.

"Mimi nina moja."

"Mama Naetwe, shauri limekwisha," Kajiru akasema.

"Limekwisha kwenu mlioulizia mawe. Nisogezeni simu."

Tukasikia simu inatembea mkono kwa mkono. Yule mwanamke akahema, akasema taratibu:

"Nakijwa. Mimi Naetwe, niliolewa hapo kwa akina Kajiru ukiwa msichana. Hujambo mwanangu?"

"Sijambo mama, shikamoo."

"Marahaba. Niambie kitu kimoja tu. Siku mlipoingia, moto mliomba kwa nani?"

Mama Penda akafumbua macho.

Mimi nilikuwa sijui maana yake, nimekuja kuelezwa baadaye. Watu wa kule wakihamia mahali, hawawashi moto wa kwanza kwa kiberiti hata wakiwa nacho. Mama wa nyumba anachukua kigae, anakwenda kwenye nyumba iliyotangulia, anapewa kaa na majivu juu yake, analileta nyumbani. Hasemi asante. Nyumba ile inakuwa imewapokea, na mtoto wa kwanza wa kike akizaliwa anapelekwa pale kuonyeshwa. Ni mambo ya wanawake, wanaume hawayashiki sana. Mbazi alikulia na viberiti. Alimfundisha dada yake miaka na mawe na miti, na hili halikumpitia kichwani.

Mama Penda aliangalia miguu yake ndani ya beseni. Mama yangu alikuwa anamtikisia kichwa, hapana, hapana, ingawa naye alikuwa hajui swali limekwenda wapi.

"Dada," Mbazi akasema, "hali ya hewa huko mbaya? Naona simu inakatika."

"Haikatiki. Nakusikia vizuri."

"Basi jibu tu ulivyo—"

"Tuliomba kwa Nanzia," Mama Penda akasema.

Hapo palikuwa na makelele. Kila mtu alisema lake, na Kajiru alikuwa anapiga kitu cha bati ili wanyamaze. Mama Penda hakungoja wanyamaze. Aliendelea kwa sauti ile ile ndogo, na wao ndio wakalazimika kutulia wamsikie.

"Ilikuwa mvua. Mama alinipa kigae nikishike, yeye alikuwa mzito na Mbazi, anateleza. Nanzia alitoka na mtoto mgongoni, hakutujua. Akatupa kaa. Halafu akaniona natetemeka, akaniambia huyu mwacheni hapa mpaka mjenge. Nililala kwake masika yote. Nilikula magimbi yake. Maji tulichota kwenye shimo lake kwa kibuyu, na lile shimo ndiyo ndiva. Baba alilipanua, baba na wenzake. Hayo mengine niliyosema ni kweli. Lakini mmeniuliza moto."

"Haya," Naetwe akasema. "Mrudishieni simu mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa Mbazi. Alishika simu, tukasikia anatembea, majani yanakwaruza. Alipofika mahali pa kimya akasema, "Dada, ungeweza kusema hukumbuki. Ulikuwa mtoto."

"Ningeweza."

"Sasa?"

"Sijui, Mbazi. Nimetoka kazini."

"Basi hiyo nyumba utaijua mwenyewe," akasema, akakata.

Mama Penda alitoa miguu kwenye maji, akaufuta mmoja, akaisahau taulo kwenye mwingine. Mama yangu alikuwa anazunguka jikoni anafungua makabati na kuyafunga.

"Kumbe ungekubali yote, ukakatalia kaa la moto," mama akasema.

"Nilikuwa nimeshakubali. Mmeona. Nilikuwa nakata simu."

"Sasa yule bibi si angedanganywa tu? Yuko mbali huko."

"Nikimdanganya yule, masika ile nililala wapi?" Akainuka kwa kushika meza. "Niamsheni saa kumi, nina shifti."

Tulipata habari vipande vipande. Kikao kiliipa nyumba ya Nanzia ndiva na ardhi ya chemchemi. Mbazi aliambiwa abaki na shamba lake na apewe zamu ya pili, kwa sababu ya kazi ya baba yake. Sifuni alituma ujumbe wa sauti mrefu, anashukuru, analia kidogo, anasema shangazi ukija huku hutakosa pa kufikia. Mama Penda aliusikiliza mara moja akiwa amesimama. Akajibu, "Asante baba, nisalimie nyumbani." Mama akamuuliza kama atakubali kiwanja kwa Sifuni. Akasema, "Nikajenge tena? Kwa goti lipi?"

Mbazi hakupokea simu zake. Kila Jumapili baada ya kanisa Mama Penda alipiga, inaita mpaka inakoma, anaweka simu mfukoni anauliza kama kuna mboga. Hakulalamika. Ila treni ikipita alikuwa hasemi kitu, na picha ya nyumba hatukuonyeshwa tena. Kiangazi kikapita hivyo. Mwezi wa tisa alikwenda ofisi ya jengo kumwambia msimamizi kwamba dirisha lake linapitisha baridi, watengeneze kabla ya theluji. Akanunua godoro jipya, yule muuzaji akamwambia hili ni la miaka mingi, akajibu, "Ndilo ninalotaka."

Mwisho wa mwezi wa kumi, Jumapili, alipiga kama kawaida huku anatafuta kiatu chake chini ya kiti, maana alikuwa anaingia kazini mchana. Simu ikapokelewa. Alibaki ameinama.

"Dada, shikamoo," Mbazi akasema.

"Marahaba, Mbazi. Watoto?"

"Wazima. Goti linaendeleaje?"

"Linauma."

"Huku mvua zimechelewa. Tunanywesha kwa ndiva."

"Umepata zamu?"

"Nimepata. Ya pili."

"Maji yanafika?"

"Yanafika. Yanafika vizuri tu." Alikohoa. "Dada, mbuzi wamezoea kulala kule kwako. Ukungu mwingi, hawana pengine. Niliona nisiwafukuze."

Mama Penda alivaa kiatu, akafunga kamba. Alichukua muda mrefu kuifunga.

"Wamejaa nyumba nzima?"

"Vyumba viwili. Cha mbele kikavu, nimeweka majani yao."

"Waache walale," akasema. "Mimi nachelewa basi. Nitakupigia Jumapili."

"Haya dada. Nitapokea."

Akavaa koti, akachukua mfuko wake, akasimama kidogo mlangoni goti likae sawa. Lifti ilikuwa haifanyi kazi. Tulimsikia anashuka ngazi moja moja, anapumzika kila ghorofa, mpaka mlango wa chini ukajifunga.